Bibi alipoanza kuimba

*Mama Mwalimu, nina miaka 27, nakaa Kinindo, Bujumbura. Nilianza piano nikiwa na miaka 8, nikifundishwa na masista, kisha nikapata nafasi ya kusoma konsavatwari Ubelgiji kwa miaka 5. Nimepiga Bach, Mozart, Beethoven, Chopin. Mwaka jana nilirudi nyumbani.*

*Mwezi uliopita tulikuwa kwenye matanga ya mjomba. Jioni, watu wametulia, bibi akaanza kuimba wimbo wa zamani wa Kirundi, ule aliokuwa akimlazia mjomba alipokuwa mtoto. Kulikuwa na kinanda cha umeme pale barazani. Mama akanigeukia: "Mwanangu, msindikize bibi." Nikakaa. Mikono ikabaki mapajani, sikujua nianzie wapi. Binamu yangu, fundi wa pikipiki wa Buyenzi asiyejua nota hata moja, akanisogeza taratibu, akapiga, watu wakalia. Shangazi mmoja akasema nikasikia: "Miaka yote ile, pesa zote zile."*

*Tangu siku hiyo sijafungua piano. Je, nimechelewa? Kusoma nota ndiko kulikoniharibu? Au sikuzaliwa na kipaji?*

*Mpiga piano wa Kinindo*

Mwanangu,

Pole sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimeona umeandika mengi juu ya mikono yako na machache mno juu ya mjomba. Jioni ile hukuwa jukwaani, ulikuwa mfiwa. Bibi alikuwa anamwimbia mwanawe aliyekwenda kaburini wimbo wa kumlaza, nawe ukaambiwa upige. Sijui ni mpiga piano gani ambaye vidole visingemwingia ganzi. Kwa hiyo kabla hatujagusa muziki, sehemu ya hiyo aibu irudishe mahali pake: ilikuwa huzuni, wala hakuna wa kukulaumu kwayo.

Sehemu iliyobaki ndiyo tuizungumze. Hujachelewa. Nota hazikukuharibu. Na habari ya kuzaliwa nacho tuiache kidogo, nitaifikia nikifika kwa binamu yako.

Mimi nimekulia Buyenzi. Watoto wa jirani zetu walitoka madrasa wakisoma Kurani kwa matamshi ambayo Mwarabu mwenyewe angeyasifu, lakini mgeni wa kutoka Maskati angewauliza kwa Kiarabu njia ya kwenda sokoni, wangebaki kumtazama. Sikusikia mzazi hata mmoja akisema kusoma kumewaharibu. Kusoma ni kazi yenye heshima yake, na kuzungumza ni kazi nyingine, ambayo hawakufundishwa. Wewe umefundishwa kuusoma muziki kwa sauti, tena umefundishwa vizuri. Kuuzungumza hukufundishwa.

Sasa nikuulize. Kiswahili chako ulikipata wapi? Nyumbani Kirundi, darasani Kifaransa. Nakisia Kiswahili ulikiokota soko la Ruvumera, mbele ya wauza nyanya, ukichanganya ngeli, wakicheka, ukirekebisha, bei ikiendelea kushuka. Hukusubiri ukijue ndipo ununue nyanya. Je, kwenye piano, katika miaka 19 yote hii, umewahi kukosea mbele ya mtu ukaendelea? Nina hakika jibu ni hapana. Ulipokosea ulirudi mwanzo wa mstari. Mwalimu alikurudisha, na asipokuwepo ulijirudisha mwenyewe. Ganzi imeanzia hapo. Aliyezoea kurudi mwanzo wa mstari hawezi kumsindikiza bibi, kwa sababu bibi harudi mwanzo.

Naijua ganzi hiyo. Nilipokuwa na miaka kama 12, mwalimu wangu wa kwanza, nisiyemtaja wala shule yake, alinikuta nimeongeza nota moja ndogo ya kupitia, kati ya mi na sol, katika wimbo wa misa. Fa tu. Alifunga kifuniko cha kinanda taratibu, vidole vyangu vikijiondoa kimoja kimoja, akasema aliyeuandika wimbo ule alijua kazi yake. Hakunipiga, hakupaza sauti. Lakini kwa miaka mingi kila nilipoisikia fa ile kichwani, vidole vilijikunja vyenyewe.

Kilichonitoa huko ni giza. Nilikuwa napiga kinanda cha kukanyaga, vile vya zamani vya wamisionari, kwenye misa ya jioni. Katikati ya komunyo umeme ukakatika. Kinanda cha kukanyaga hakijali umeme. Shida ilikuwa karatasi, sikuiona. Watu hawakunyamaza. Mama mmoja huko nyuma akaanzisha wimbo ambao haukuwa kwenye orodha, akauanzia juu, mahali nisipopategemea. Nikatafuta kwa kidole kimoja, polepole, mpaka nikakutana na sauti anayotulia kila akimaliza mstari. Nilipoipata nikaikalia. Ubeti wa kwanza mzima nilipiga sauti hiyo moja, miguu ikikanyaga. Ubeti wa pili nikaongeza ya tano juu yake. Ubeti wa tatu nikakosea vibaya, nikasikia wanakwaya wakivuta pumzi, nikasogeza kidole kwenye kibao cha jirani, na wimbo ukapita kama maji yanavyopita jiwe. Taa zilipowaka nikaona kitabu kiko wazi mbele yangu, kwenye ukurasa wa wimbo mwingine kabisa.

Wale waliochorwa kwenye majalada ya vitabu vyako wangeshangaa sana kusikia umefundishwa kusoma tu. Mei 1747 Bach alifika Potsdam, mzee wa miaka 62, na mfalme Friedrich wa Prussia akampa melodi ngumu aitengenezee fuga papo hapo kwenye piano mpya za fundi Silbermann. Akaifanya, kwa sauti tatu. Mfalme akataka sita. Bach akasema kwa melodi hiyo, sita hapana. Akaenda nazo nyumbani, akaziandika kwa utulivu, akamtumia zikiwa zimechapwa. Mimi hapo ndipo ninapompendea. Bach huyo huyo alijua kipi kinatoka sasa hivi na kipi kinahitaji meza na wino. Beethoven naye alipoingia Vienna mwaka 1792, kilichompa jina kwenye kumbi za wakubwa ni kubuni pale pale wakimsikiliza. Na Czerny, huyo aliyekutesa vidole kwa mazoezi yake, mwaka 1829 alitoa kitabu kizima, opus 200, cha kumfundisha mpiga piano namna ya kubuni. Nina hakika hawakukuonyesha kitabu hicho.

Kule Napoli, karne ya 17 na ya 18, konsavatwari zenyewe zilikuwa nyumba za kulelea yatima na watoto wa maskini. Mtoto alipewa mstari mmoja tu, besi, na vingine vyote alipaswa kuvitoa kwa mikono yake pale pale. Hawakungoja aonekane ana kipaji, maana alikuwa anafundishwa kazi ya kumlisha, kama anavyofundishwa useremala. Neno hilo la konsavatwari ulilolibeba kutoka Ubelgiji lilianza na watoto wa namna hiyo.

Halafu mlango ukaanza kufungwa. Beethoven mwenyewe, katika konseto yake ya tano, aliandika kadenza na kumkataza mpigaji asibuni yake. Vitabu vikachapwa kwa wingi, mitihani ikaja, watunzi wakageuka watakatifu. Waliobaki wakibuni bila kuona haya ni wapiga ogani wa makanisa, hasa Ufaransa, kwa sababu nyepesi kabisa: padri akichelewa na ubani, lazima mtu ajaze kimya. Tena hilo unaweza kulisikia hapa hapa Bujumbura Jumapili yoyote, kuanzia Regina Mundi hadi kanisa la mabati la Kamenge, ambako mchungaji anaomba na kijana wa kinanda anamfuata sauti kwa sauti, akipanda naye na kushuka naye, bila kipande cha karatasi.

Na wa karibu nasi yupo aliyepita njia yako. Ray Lema, mzaliwa wa Kongo ya chini, 1946, alipelekwa seminari ndogo ili awe padri. Huko wakamkalisha kwenye ogani. Akajifunza Bach na Mozart, akaipiga hadharani sonata ya mbalamwezi ya Beethoven, kisha akaishia kwenye bendi za Kinshasa. Mwaka 1974 akakabidhiwa kuongoza muziki wa Baleti ya Taifa ya Zaire, kazi iliyomzungusha nchini kutafuta wapigaji wa asili. Mfikirie huyo, kijana wa seminari mwenye Beethoven vidoleni, anakaa mbele ya mabingwa wa ngoma wasiojua nota ni nini na anatakiwa aelewe kwanza ndipo aongoze. Alikubali kuwa mwanafunzi mara ya pili. Msikilize anavyopiga leo, na usikilize hasa mkono wa kushoto.

Tufike kwa binamu yako.

Unasema hajui nota hata moja, na nahisi katika maneno hayo kuna uchungu na pia kuna dharau kidogo ambayo hukuikusudia. Binamu yako hakuzaliwa na kinanda. Muulize ni usiku wangapi alikaa kwenye mazoezi ya kwaya baada ya gereji kufungwa, mikono ina grisi, akipiga akodi nne zile zile mpaka waimbaji waridhike. Umeona alivyokusogeza taratibu? Ana adabu ya muziki, na adabu hiyo hupatikana kwa kupigia wengine. Mtazame pia kwa jicho la fundi mwenzake. Wengi wa vijana hawa wa vinanda vya kwaya hupiga kila kitu kwa do na kubonyeza kitufe kinachohamisha toni, kwa hiyo mbele ya piano ya mbao isiyo na kitufe hicho wanakwama. Wewe toni zote 24 ziko vidoleni mwako, Bach alikupitisha humo. Nenda Buyenzi umwombe akufundishe anavyomsikia mwimbaji, nawe umfundishe kutoka nje ya do. Nenda ukiwa mdogo kwake. Huenda kwa umri wewe ndiye mkubwa. Kwa hili mkubwa ni yeye.

Lakini kabla ya binamu, nenda kwa bibi.

Nenda bila kitabu na usikaribie kinanda chochote. Mwombe akuimbie wimbo ule tena, na kama simu yako inaweza kurekodi, mwombe ruhusa umrekodi. Jifunze maneno kwanza. Kirundi ni lugha ya toni, nawe unajua kwamba neno likipandishwa pasipo pake linakuwa neno jingine, kwa hiyo melodi ya bibi mara nyingi inafuata mdomo wake, haifuati gamu ya kitabuni. Wapiga inanga, ile ala yetu ya nyuzi, walilijua hilo kuliko konsavatwari yoyote. Mzee wa inanga haimbi kwa sauti kamili, ananong'ona. Mnong'ono hauwezi kubeba toni, basi nyuzi ndizo zinazombebea kupanda na kushuka, na msikilizaji anaelewa kila neno. Mkono wake nao unazungusha kipande kifupi kile kile, tena na tena, huku hadithi ikisonga mbele. Inanga ni kamba moja ndefu iliyopitishwa kwenda na kurudi juu ya ubao uliochongwa, na imetosha kuwasimulia watu habari za wafalme.

Imba wimbo huo ukiosha vyombo, imba kwenye basi, mpaka koo lako liujue. Ukishaujua kwa koo, fungua piano. Mkono wa kulia uweke pajani, huko huko ulikobaki siku ile. Kwa kidole kimoja cha kushoto tafuta ile sauti ambayo bibi anatulia. Ikalie. Imba wimbo mzima juu ya sauti hiyo moja. Usiione ndogo. Unawajua wapiga ngoma wetu: ngoma za amashakwe zinashika pigo moja lisilobadilika, ngoma ya inkiranya iko katikati, na kila mpigaji kwa zamu yake anaijia, anaruka, anapiga la kwake, anarudi. Anayeijia inkiranya anathubutu kwa sababu amashakwe hazitikisiki nyuma yake. Mkono wako wa kushoto ndio amashakwe. Mpaka uweze kupiga pigo lake huku unaongea na mama yako habari za soko, usiuite wa kulia.

Wa kulia ukija, uje na sauti chache. Ukikuta wimbo wa bibi una sauti tano, kama zilivyo nyimbo nyingi za zamani za kwetu, uhamishie kwenye vibao vyeusi, ambavyo ni vitano kila oktava na havigombani. Usitafute kupamba. Bibi akivuta pumzi, jibu kwa sauti mbili au tatu ulizosikia kwake, kisha nyamaza. Ukikosea, rudia kosa hilo hilo mara ya pili makusudi, halafu sogea kibao kimoja kushoto au kulia. Utashangaa: kosa likirudiwa, sikio hudhani ulilitaka.

Na kwa kuwa najua utamkumbuka Bach wako, naye ana kazi hapa. Chukua preludi ya kwanza ya do katika kitabu chake cha 1722 cha preludi na fuga za toni zote 24, ile unayoweza kuipiga ukiwa umelala. Ina vipimo 35, na karibu vyote vina umbo moja: akodi imevunjwavunjwa vidole vikipita kwa mpango ule ule. Chukua vinne vya kwanza tu. Zibane sauti za kila kipimo, zipige pamoja kwa pigo moja, na uisikilize besi: do, inabaki do, inashuka si, inarudi do. Sasa funga kitabu, ukiweke chumba kingine. Zivunje akodi hizo nne kwa mpango wako mwenyewe. Anza juu ushuke, au piga mbili mbili, au uzipe pigo la amashakwe. Dakika 15 kila siku, usizidishe. Wiki ya kwanza utasikia unapiga upuuzi, na utakuwa upuuzi kweli. Endelea nao bila kurudi mwanzo. Hilo ndilo zoezi lenyewe, hizo akodi ni kisingizio tu. Saa zako za Chopin usiziache hata moja, maana ninavyojua mimi, baada ya miezi michache utaanza kusikia ndani ya Chopin mahali ambapo mkono wake ulikuwa unatafuta, kabla hajaandika.

Shangazi mtu usimjibu. Hakujua kwamba pesa zile zililipia nusu ya kazi na nusu nyingine haikuwa kwenye ratiba. Wewe sasa unajua, na wanafunzi utawapata, maana najua watu watakuletea watoto wao. Mtoto akiongeza fa yake ndogo katikati ya wimbo, mwache amalize kwanza. Kisha muulize ameitoa wapi.

Bibi yako ana umri gani, hukuniambia. Usingoje uwe tayari. Koo likishaujua wimbo, rudi kwenye kile kinanda cha barazani, kaa upande ambao bibi anakuona, na umwambie aanze mwenyewe anapotaka. Akianzia juu kuliko ulivyozoea, mfuate huko huko. Na akisahau ubeti, usimkumbushe. Endelea na mkono wa kushoto mpaka akumbuke.